Kombe la Kadhi

Babu yake baba yangu alikuwa kadhi Unguja, enzi za Sultani. Baba alimbeba moyoni maisha yake yote, mpaka hapa Brasels, kwenye ghorofa yetu ya mtaa wa Saint-Josse yenye ngazi za kuua magoti.

Tangu chuoni, wakisoma Kurani, watoto wenzake walimzomea: babu yako alikula rushwa, Sultani akamfukuza kazi. Baba alishikilia kwamba mzee alifukuzwa kwa kukataa kumpa Sultani shamba la mayatima. Ushahidi, alisema, umo kwenye daftari la kadhi mwenyewe, lililoandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Daftari lilikuwa kwa shangazi yangu, Unguja, ndani ya sanduku, na shangazi hakuwahi kulifungua.

Baba alipozidiwa, shangazi akaja kumwona kaka yake, na daftari akalileta. Wakati huo macho ya baba yalikuwa hayaoni tena, na mimi mwandiko ule ulinishinda. Nikampata mwalimu mmoja Mngazija anayesomesha watoto Kurani hapa mtaani. Akasema atakuja Jumamosi kumsomea. Baba akaanza kuhesabu siku, masikini ya Mungu.

Alhamisi nilirudi kutoka kazini mchana, shangazi akanipokea na kikombe mlangoni.

"Mnyweshe kaka yangu. Kombe hilo."

Kombe tumelelewa nalo: aya zinaandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zinaoshwa kwa marashi, mgonjwa anakunywa. Sikuuliza kitu. Nilimwinua baba, nikapiga bismillahi, akanywa mpaka tone la mwisho.

Nikaingia jikoni. Kurasa za daftari zilikuwa zimetandazwa juu ya chuma cha ukutani kinachopasha nyumba joto, zinakauka, nyeupe pee.

"Shangazi, umefanya nini?"

"Zafarani ya maduka ya hapa rangi tupu! Nikaona maandishi ya babu yana baraka zaidi, nikayaosha hayo. Kadhi ataandika nini kama si aya?"

Lahaula! Wino wa zamani ni masizi, maji yakiugusa umekwenda. Nilimwita mjinga, dada wa baba yangu, mtu mzima aliyenibeba mgongoni. Alilia akiwa amekaa sakafuni. Sikumwomba radhi, na mpaka leo sijamwomba. Nina hasira naye, na nina hasira zaidi na mkono wangu ulioshika kile kikombe.

Jumamosi mwalimu alikuja. Akainua ukurasa mmoja mmoja dirishani, anatikisa kichwa. Wa mwisho ulikuwa na kipembe kilichokosa maji. Akasoma kwa sauti:

"Nami nikamwambia Sultani..."

Baba akainua kichwa kwenye mto. Siku nyingi hakuwa ameweza.

"Ehe! Endelea, mwalimu."

Mwalimu akanitazama. Nilitaka kutunga uongo, lakini baba alikuwa ananijua mno. Nikamweleza yote, na kikombe pia. Hakugomba. Afadhali angegomba.

"Sasa alimwambia nini?" akauliza.

"Sijui, baba."

Aliishi siku tisa baada ya hapo. Kila nilipompelekea maji aliyasukuma kwa kiganja, midomo imempasuka kwa kiu, na swali lake likawa lile lile:

"Kwanza niambie. Alimwambia nini?"