Sindano ya Profesa

Fundi wa vipimo hakumpenda shemeji yake, na shemeji naye hakumhesabu kuwa mtu. Tuliseme mapema, asije mtu akangoja mapatano. Shemeji huyo, mume wa dada yake mkubwa, ndiye aliyempelekea barua ya maombi pale kiwandani miaka sita nyuma, na tangu siku ile hakumwacha asahau. Alikuwa mkuu wa ufundi pale, na wafanyakazi walimwita Profesa. Chuo alikiona, hatukatai, lakini kufundisha hakuwahi kumfundisha hata kasuku.

Kiwanda kilitengeneza diski za kuhifadhia taarifa za kompyuta. Ndani ya kila diski chipu nane zilipangwa kwenye njia moja ya umeme. Ukituma taarifa kwa chipu moja, ishara haiishii hapo. Inakimbia hadi mwisho wa njia, inagonga, inarudi kama mwangwi, na mwangwi huo unavuruga taarifa zinazofuata. Kwa hiyo lazima chipu mojawapo iamriwe kuumeza. Profesa aliagiza chipu inayoitwa, yaani ile iliyotumiwa taarifa, ndiyo imeze, basi. Fundi aliona ile ya kwanza inakosea kila mara, akaandika ukurasa mmoja: ya mwisho iamriwe kumeza kwa niaba ya wenzake, hata kama haikuitwa. Karatasi ilirudi na wino mwekundu: "Chipu isiyoitwa haina kazi. Usinipotezee muda."

Makosa yakaendelea miezi minne. Kila mara fundi alipomwita aje aone, Profesa alikuja na mashine yake ya kupimia, akagusisha sindano yake kwenye mguu wa chipu ya mwisho, kwa kuwa ilikuwa pembeni na haikumlazimu kuinama. Kwenye kioo wimbi likatokea safi. Makosa sifuri.

"Umeona?" alisema, kwa sauti ya kusikika hadi stoo. "Diski haina ubaya. Ubaya uko kwenye mikono yako."

Mara ya tatu alimwandikia barua: anaharibu mali kwa uzembe, afike mbele ya mkurugenzi Alhamisi saa nne. Fundi alijua maana yake. Angefukuzwa, na sifa ya uzembe ingemtangulia kila atakapoomba kazi. Jumapili akajishusha, akaenda kwa dada yake aongee na shemeji kiungwana. Profesa hata gazeti hakuliweka chini.

"Mambo ya kazini, kazini," alisema. "Hapa ni kwangu."

Dada mtu akatazama zulia.

Jumatano fundi alikuwa mezani pake pa kazi. Sindano ya Profesa ilikuwa bado imegusa chipu ya mwisho, alivyoiacha mwenyewe kwa uvivu wake. Sifuri. Akaiondoa ili afute vumbi, na namba nyekundu zikaanza kumiminika. Akairudisha, zikakoma. Akaiondoa, zikarudi. Alifanya hivyo mara ishirini, kisha akaketi akacheka kicheko kibaya. Sindano yenyewe ndiyo iliyokuwa ikimeza mwangwi! Miezi minne yule bwana alikuwa akiifanya kwa mkono wake kazi aliyokataa chipu ipewe, halafu anatangaza kwamba diski ni nzima. Na mteja hauziwi diski pamoja na sindano ya Profesa.

Alhamisi mkurugenzi, mama mfupi mwenye haraka zake, alisimama mbele ya ile meza. Profesa akagusisha sindano.

"Safi kabisa, mama. Huyu anapiga chuku tu."

"Itoe sindano," fundi akasema.

"Nikiitoa utaonea wapi wimbi? Kwenye pua?"

"Silitaki wimbi. Nataka hesabu ya makosa. Itoe, shemeji."

"Itoe," mkurugenzi akasema.

Akaitoa. Makosa mia nne na kumi na mawili. Profesa akaigusisha tena mbiombio, yakakoma, na watu wote pale mezani wakaona alichokifanya. Fundi akavuta kibodi, akaiamuru chipu ya mwisho imeze, kisha akaiondoa sindano kwa mkono wake mwenyewe. Sifuri. Akaweka mezani ile karatasi ya wino mwekundu. Mkurugenzi aliisoma mara mbili, tarehe na yote.

Profesa akamsogelea fundi. "Shemeji," alinong'ona, "haya si tungeongea nyumbani?"

"Mambo ya kazini, kazini."

Kabla ya saa nane Profesa alikuwa anatoka getini na boksi kifuani. Simu ya fundi ikaita. Alikuwa dada yake, aliyemlea tangu mama yao alipofariki.

"Umemfukuzisha kazi mume wangu."

"Alitaka kunifukuzisha mimi, dada."

"Wewe huna watoto wa kulisha. Ungekubali kosa moja tu, ungekufa?"

Hilo lilimuuma fundi kuliko ile barua ya Profesa. "Jumapili ulikuwepo," alisema. "Ulimsikia. Ukatazama zulia."



"Usikanyage tena kwangu."

"Sikanyagi."

Fundi akakata simu, akajifuta macho kwa mgongo wa mkono. Zilibaki diski mia mbili na arobaini za kubadilishiwa amri. Akaifungia sindano kwenye droo, akavuta diski ya kwanza.