Mwingine wa Cragthwaite

Mimi ndiye ninayepika chai pale Tenter Lane, kwenye kibanda cha mabati nyuma ya goli la upande wa kanisa, na katika miaka thelathini na moja nimeona mengi yakipita mbele ya dirisha langu. Nimeona marefa wakitukanwa na watu wanaoimba kwaya Jumapili. Nimeiona timu yetu, Cragthwaite Rovers, ikishuka daraja mara tatu na kupanda mara mbili, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe uone tuko wapi. Lakini ukiniuliza ni nani aliyeishikilia klabu hii isife, sitakutajia mchezaji. Nitakutajia Enid Sugden, na papo hapo nitakwambia kwamba sijawahi kuona binadamu anayejua kutunza kinyongo kama yeye.

Enid ana miaka sabini na miwili. Ni mwembamba, miwani yake ina kamba shingoni, na koti lake la mvua nimelijua kuliko ninavyowajua baadhi ya ndugu zangu. Alikuwa karani wa kiwanda cha sufu mpaka kilipofungwa, hakuolewa, na tangu mwaka 1984 ndiye katibu wa klabu. Ndiye anayejibu barua za ligi, ndiye anayempigia refa simu uwanja ukijaa maji, ndiye anayetengeneza lile jarida dogo la mechi linalouzwa getini. Mechi ikianza hukaa kiti kilekile, thermosi magotini, wala hapigi kelele.

Kinyongo chake kilikuwa na jina: Desmond Lumb.

Kwetu hapa, jina hilo hulitaji bila watu kunyoosha mgongo kidogo. Desmond alikuwa nahodha miaka kumi na moja, alicheza mechi mia nne na kumi na mbili, akafunga mabao mia na themanini na saba, na alipostaafu wakampa urais wa klabu wa maisha. Ana koti la buluu lenye nembo, ana kiti chenye mto, na wanawake wote anatuita bibie, hata wanaomzidi akili.

Kaka yake Enid, Clifford, alikuwa kipa wa timu hiyohiyo. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha rangi, na viganja vyake havikuwahi kutakata. Mwaka 1971, kwenye mechi ya mwisho ya mchujo wa Kombe la FA, aliokoa penalti dakika ya themanini na tisa, na kwa mara ya kwanza tangu klabu ianzishwe tukaingia raundi ya kwanza yenyewe, tukapangwa na timu ya wanaolipwa. Mji mzima ulishikwa wazimu. Mwokaji wa pai alitengeneza pai zenye umbo la glovu.

Siku ya mechi Clifford alifika getini na viatu vyake mfukoni. Akaambiwa arudi nyumbani. Kamati ilikuwa imekaa kikao cha dharura asubuhi ile, ikaelezwa kwamba Ijumaa jioni kipa ameonekana kwenye baa ya Fleece, amelewa hata kusimama hawezi. Golini akawekwa Keith Ramsden, shemeji yake Desmond, kijana mpole ambaye mpaka siku ile alikuwa kipa wa timu ya akiba. Tukafungwa saba bila.

Clifford hakucheza tena. Angeweza, nadhani, lakini kila alipopita mtu alimuuliza kama leo miguu inambeba. Ile Ijumaa alikuwa nyumbani kwa mama yao, yeye na Enid, wakibandika karatasi za maua ukutani tangu alipotoka kazini mpaka walipokwenda kulala. Aliwaambia watu hivyo. Walicheka. Tangu hapo kila Jumamosi alimchukua mbwa wake akapanda naye mlimani, mbali kabisa, mahali ambapo kelele za uwanja hazimfikii.

Alikufa mwaka 1999. Desmond alikuja mazishini na shada la maua la klabu, akasimama akasema maneno mawili matatu. Alisema Clifford alikuwa kipa hodari, na kwamba udhaifu wake sote tunaujua, na nani kati yetu hana wake. Enid alikuwa kiti cha mbele. Baadaye nyumbani alimpakulia Desmond mkate wa nyama kwa mkono wake mwenyewe, akamuuliza kama anataka na haradali.

Wakati huo Enid alikuwa ameshajua miaka kumi na mitano. Alipopewa ukatibu alikabidhiwa pia madaftari ya vikao vya zamani, na yeye si mtu wa kupokea daftari asilisome. Ndani yake, kwa wino, kikao cha dharura cha asubuhi ile: taarifa kuhusu kipa imeletwa na nahodha, D. Lumb. Ameona kwa macho yake.

Nilimuuliza kwa nini hakwenda siku ileile kumtemea mate. Akaniambia, "Glenys, mate hukauka."

Basi akasubiri. Alikuwa na visasi vidogo vya kujiburudisha, hilo sitalificha. Kila msimu jarida la mechi lilipotoka na picha ya rais, Enid aliipanga ukurasa wa katikati, mahali pini za kushikiza kurasa zinapopita, na kila msimu pini moja ilimwingia Desmond puani. Desmond alilalamika. Enid alimwambia pole, mashine ni ya zamani.

Halafu klabu ikakaribia kutimiza miaka mia na ishirini na mitano, na kamati ikataka kitabu cha historia. Nani mwingine wa kukiandika? Desmond mwenyewe ndiye aliyependekeza. Alimpigapiga Enid begani, akasema, "Bibie, usiniletee rasimu. Nataka kushtukizwa."

Nilimsaidia kazi hiyo Jumanne zote za msimu mmoja, nikimsomea vikosi kutoka majarida ya zamani huku yeye akiandika. Na hapa lazima nieleze jambo moja la klabu zetu ndogo. Akija mchezaji wa majaribio, mtu ambaye bado hatujamjua au hatutaki wengine wamjue, jarida haliandiki jina lake. Kwenye kikosi panaandikwa Mwingine. Hucheza mechi moja au mbili, kisha ama anapata jina lake, ama anaondoka.

Siku moja nikachungulia ukurasa aliokwisha kuandika. Namba tisa: Mwingine. Mechi iliyofuata, namba tisa: Mwingine. Nikamwambia, "Enid, umekosea hapa. Huyu ni Desmond."

Hakuinua hata kichwa. "Sijakosea."

Nikafunua nyuma na mbele. Mwingine amefunga mawili. Mwingine amechaguliwa kuwa nahodha. Mwingine amebebwa mabegani na mashabiki. Miaka yake yote uwanjani. Nilicheka mpaka nikalazimika kukaa juu ya kreti ya maziwa, na niseme wazi, nilifurahi. Nilikuwepo mazishini.

Wazee wa kamati walipewa rasimu waikague. Nilikuwa na hofu, lakini Enid aliwajua. Kila mmoja alitafuta ukurasa wenye jina lake, akalikuta, akaangalia picha yake imetoka vizuri, akasema kazi safi. Desmond alikuwa Hispania akiota jua kifua wazi. Kitabu kikachapishwa.

Tulikizindua Jumamosi, saa sita mchana, kabla ya mechi. Mvua ilikuwa inanyesha kama kawaida, na ukumbi wa klabu ulinuka makoti mabichi na pai na njegere. Watu sitini hivi walikuja, na Keith naye akaketi karibu na hita. Desmond aliingia na koti lake la buluu, akachukua nakala ya kwanza, akaenda moja kwa moja kwenye orodha ya majina mwishoni. Nikamwona kidole kikishuka. Lumb, D.: ukurasa wa themanini na nane. Basi.

Akafunua ukurasa huo. Ulikuwa na mistari michache tu: kwamba Jumamosi ile asubuhi nahodha Desmond Lumb aliiambia kamati kuwa amemwona Clifford Sugden amelewa Fleece, na kwamba Ijumaa ile Clifford alikuwa kwa mama yake, akibandika karatasi ukutani pamoja na dada yake, mwandishi wa kitabu hiki.

Desmond akasoma, akarudi nyuma, akafunua mwaka 1968, akafunua 1973. Alipoinua uso, ulikuwa umepauka.

"Enid bibie," akasema, na bado alikuwa anajaribu kutabasamu. "Huyu Mwingine ni nani?"

"Ni mchezaji ambaye klabu haijajua kama ni wa kuaminika."

"Mechi mia nne na kumi na mbili."

"Majaribio mengine huchukua muda," Enid akasema.

Kuna mtu alicheka, kisha akajutia. Desmond akapandisha sauti, akasema vitabu vyote vikusanywe, kwamba ukurasa wa themanini na nane ni uongo mtupu. Enid akavua miwani ikaning'inia kwenye kamba yake.

"Basi sema hivyo mbele ya hawa. Sema ulimwona Clifford Fleece. Ukisema, Jumatatu naenda kwa mchapaji, na jina lako linarudi kila ukurasa, kila bao. Naapa kwa kaburi la mama."

Nilishika birika mpaka kiganja kikauma. Yule mzee angeweza kusema tu. Nani angempinga? Daftari linaonyesha alichodai, halionyeshi ukweli. Enid alijua hivyo, na aliweka yote rehani pale mezani, kitabu chake na jina la kaka yake. Desmond akafungua mdomo. Ndipo macho yake yakaangukia kwa Keith.

Keith alikuwa ameweka uma chini. Yule mtu ameishi miaka hamsini na mitatu akiitwa Saba na watoto wa watu, na sidhani kama aliwahi kuambiwa kwa nini alisimama golini siku ile. Hakupandisha sauti. "Sema, Desmond," akasema. "Hata mimi nataka kusikia."

Hita ilikuwa ikinguruma. Desmond akaketi bila kutazama kama kiti kipo.

"Hakunywa," akasema. "Sikwenda Fleece mimi. Nilitaka Keith apate mechi kubwa. Nilidhani ni mechi moja tu." Akajifuta usoni kwa kiganja. "Nimesema, Enid. Mbele ya watu wote. Sasa nirudishie jina langu."

Nitakiri kwamba hapo watu kadhaa walimgeukia Enid na macho ya kumwombea. Mzee wa miaka themanini, analia, amekubali kosa. Hata mimi, kwa muda wa kumeza mate, nilidhani atalegea.

"Nilisema jina litarudi kama nimeandika uongo," Enid akamjibu. "Umewaambia watu niliyoandika ni kweli. Sasa nirekebishe nini?"

Kuna nakala moja ya kitabu ambayo itakaa kwenye kabati la vikombe, na wachezaji wa zamani walikuwa wameshapanga foleni kuisaini, kila mmoja kando ya jina lake. Enid akaichukua, akaifungua ukurasa wa themanini na nane, akailaza mbele ya Desmond na kalamu juu yake.

Desmond aliutazama ule ukurasa. Foleni ilikuwa nyuma yake, na Keith alikuwa ameinuka akawa wa pili. Kisha akachukua kalamu akasaini, kwa herufi ndogo sana, na Enid akapuliza wino mpaka ukakauka.