Kiswahili Kiliishia Kwenye Robot

Mwezi uliopita kazi yangu ya Midrand, karibu na Johannesburg, ilinipeleka Meksiko, kwenye mji wa pwani wenye hoteli zilizojipanga kando ya bahari. Siku mbili nilikaa mikutanoni nikila mapapai yaliyokatwa kama maua. Ya tatu nikachoka. Nikamuuliza mhudumu wenyeji wananunua wapi vitu vyao, akanijibu kwamba mjini kati hakuna cha kuona. Wewe rafiki yangu unanijua nilivyo mbishi. Asubuhi hiyo hiyo nikapanda basi.

Cha kuona kilikuwepo tele. Mafundi viatu wameketi vibarazani, majora ya vitambaa yametolewa mpaka njiani, redio za maduka zinashindana. Nilizunguka mitaa ile bila kujua niendako, na raha yake ilikuwa hiyo. Kwenye kona ya soko mama mmoja alikuwa akichoma mahindi, akiyapaka limau na pilipili. Moshi wake uliponifikia nikawa na miaka minane tena, nipo katikati ya Johannesburg.

Mama yangu alikuwa fundi cherehani kutoka Bukavu. Tuliishi mtaa wa Yeoville, kwenye chumba kilichonuka sombe, yaani kisamvu, na mafuta ya cherehani, na humo ndani Kiswahili kilisemwa kutwa kucha. Kila Jumamosi tuliteremka kwa miguu kwenda mjini kununua nyuzi na vitambaa. Ila tukifika kwenye taa kubwa za barabarani, ambazo sisi wa Johannesburg tunaziita robot, mama alisimama.

"Kiswahili kinabakia hapa," alisema. "Mgeni ni kuku mweupe, mtoto yangu. Batu banamuona mbali."

Nyakati zile kuna watu walitukanwa njiani kwa lugha yao, na wengine walipigwa. Kwa hiyo kuanzia robot mimi ndiye niliyeongea na wauzaji, kwa Kizulu changu cha shuleni, na mama, aliyenishika mkono, alinisemesha kwa kiganja changu. Akikibana mara moja, nisogee karibu. Mara mbili, bei kubwa, tuondoke. Mara tatu, tumemaliza, twende kwa bibi wa mahindi. Bibi huyo alikuwa na jiko la bati karibu na duka la vifungo, na mara zote alinichagulia hindi lililoungua kidogo, kwa kuwa alijua napenda hivyo. Ukiniuliza utamu wa Jumamosi ulikuwa wapi, nitakwambia ulikuwa kwenye mibano ile mitatu.

Jumamosi moja mkono wa mama ukaniponyoka. Watu walikuwa wengi, na nilipogeuka sikumwona mama. Nikakimbilia kwa bibi wa mahindi nikasimama nyuma yake. Punde nikasikia sauti niliyoijua, ikitoka katikati ya barabara:

"Mtoto yangu, uko wapi?"

Mama yangu, aliyeitunga sheria ile kwa hofu yake mwenyewe, alikuwa anaivunja kwa sauti ya juu mbele ya mji mzima. Watu waligeuka, na vijana wawili wakacheka wakamwigiza. Aliita mara tatu. Nilimsikia zote tatu, na sikuitika. Nilijiambia ninatii sheria, lakini ukweli ni kwamba nilimwonea aibu mama yangu.

Bibi wa mahindi ndiye aliyeniangalia usoni, akaelewa, akanishika bega na kunipeleka kwa mama. Mama hakunigombeza wala hakuniuliza. Alinishika mkono hadi nyumbani, na safari nzima hakunibana hata mara moja. Sikuwahi kumwomba msamaha. Miaka ikapita, nikazoea kumjibu kwa Kiingereza hata tukiwa ndani.

Pale Meksiko nilisimama na hindi langu mkononi. Mwanamke mmoja alimwita mwanawe kwa sauti ya kupasua soko, na mtoto akaitika kutoka mbali, tena kwa majivuno. Nikaona uchungu. Saa hiyo hiyo simu ikaita. Ni mama, ambaye sasa anakaa kwa dada yangu Turffontein na hunipigia kila jioni. Kwao ilikuwa jioni.

"Mtoto yangu, uko wapi?"

Duka la vifungo halipo tena, na jiko la bati sijui lilitupwa wapi. Bibi wa mahindi alishafariki, na mama magoti hayamruhusu tena kuteremka mjini. Lakini swali lilikuwa ni lile lile, na bado lilikuwa linangoja.

"Niko hapa, mama!" nikaitika kwa nguvu zangu zote. "Niko sokoni, nakusikia!"

Watu waligeuka kunitazama. Mama akashusha sauti yake, utadhani tumesimama wote kwenye robot.

"Usiongee nguvu. Batu batasikia."

"Wasikie tu, mama," nikamwambia. "Ile siku pia nilikusikia."

"Nilijua," akasema. "Umekula?"