Suruali ya Rangi ya Papai

Jani bichi la mgomba likiguswa na pasi ya mkaa iliyokolea moto hutoa harufu ambayo sijakutana nayo mahali pengine: utamu kidogo, moshi kidogo, na kitu kama mvua inayokaribia. Kwetu Izimbya, huku vijijini Bukoba, tulisugua pasi juu ya jani ili iteleze vizuri kwenye nguo. Likizo ile ya Desemba, nilipokuwa na miaka kumi na moja, nyumba yetu ilinukia hivyo kila Jumamosi asubuhi, na aliyeshika pasi nilikuwa mimi. Nilikuwa nanyoosha suruali ya baba yangu, suruali ya rangi ya papai lililoiva, ambayo ukiianika nje iliwafanya hata wapita njia wa barabarani wageuze shingo.

Suruali yenyewe aliileta baba mdogo, mvuvi wa kisiwani Goziba kule Muleba, aliyezoea kututembelea na gunia la samaki wakavu begani na mavazi ya ajabu mwilini. Alimpa Tata, kama tulivyomwita baba kwa Kihaya, akamhakikishia kwamba visiwani wanaume wote sasa wanavaa hivyo. Tata alikuwa mkulima wa kahawa na ndizi, mtu wa kaki na kijivu, na tangu mama afariki, mwaka mmoja na nusu kabla, hata mazungumzo yake yalikuwa yamepauka. Nilidhani ataitundika ukutani mpaka panya waitoboe. Badala yake, Jumamosi iliyofuata aliniita, akaishika mbele yake kwa mikono miwili na kuuliza, "Mwana wange, hii naivaa na nini?" Zamani mama ndiye aliyekuwa akimtolea nguo. Nilielewa kwamba kazi ile sasa ni yangu, na kichwa kikanivimba papo hapo.

Tata alikuwa na mashati manne tu, na kioo chetu kilikuwa kipande cha ukubwa wa daftari, kinachoonyesha uso na kola basi. Kwa hiyo alisimama mlangoni, penye mwanga, nami nikamzunguka kama fundi anayekagua ukuta. Jumamosi ya kwanza nilimpa shati jeupe la misa, akapendeza mno kwa mtu anayesema anakwenda mjini kuulizia bei ya kahawa. Ya pili nilijaribu la kijani, nikamvua haraka kwa sababu alifanana na mpapai wenyewe, na yeye akacheka, kicheko ambacho nilikuwa nimekisahau. La bluu la mistari ndilo lililoiweza suruali ile, mikono ikikunjwa mara mbili, na viatu vyeusi. Ukungu ulikuwa bado umelala kibanjani, majani ya migomba yakidondosha maji moja moja, na Tata aliteremka njia ya barabarani kupanda gari la ndizi liendalo Bukoba mjini. Nilimtazama mpaka ile rangi ikawa doa dogo kati ya migomba. Nilikuwa na furaha, nasema wazi. Siku nzima niliwaza nguo za Jumamosi ijayo, nikichambua maharage nikiyaona ni vifungo.

Suruali ilikuwa ndefu kwake, kwa hiyo kila mara nilimkunjia chini. Jumamosi ya nne alirudi ikiwa imepindwa. Upindo ulikuwa umenyooka, umeshonwa kwa uzi wa rangi ileile ya papai, na kifungo kilichokuwa kikilegea kimekazwa. Niligeuza ule mguu wa suruali nje ndani, ndani nje. Mkono wa mtu mwingine ulikuwa umeingia kwenye kazi yangu. Nilipomwonyesha shangazi, dada yake Tata aliyekuwa akiishi jirani, hakunizungusha. "Baba yako amepata mtu. Fundi cherehani wa Hamugembe, pale Bukoba mjini, anaitwa Leokadia. Jumamosi hii baba yako anakwenda kwa kaka za huyo fundi wamwone. Usimwonyeshe uso wa kununa, umesikia?"

Uso sikuununisha. Jumamosi ile nilipiga pasi vizuri kuliko siku zote, kisha nikamtolea Tata shati la kijani. Juu yake nikampa koti la babu la mistari ya kahawia, lililomfika karibu na magoti, na tai ya zambarau niliyoichimbua kwenye sanduku la nguo za mama. Halafu nikaleta mabuti yake ya shambani, nikamwambia achomeke suruali ndani kwa sababu mvua itanyesha. Tata alitazama juu. Mbingu ilikuwa nyeupe, haina hata wingu la kusingizia. Akanitazama mimi, akakaa kwenye kigoda na kuyavaa.

"Nimependeza?" akauliza.

"Umependeza, Tata."

Aliteremka njia ileile, mabuti yakipiga kofi kila hatua. Nilijisikia mshindi kwa muda wa kuosha sufuria moja. Kisha nikaanza kuwaona kichwani watu wa Hamugembe wakitoka kwenye nyumba zao kumshangaa, na kaka zake yule fundi wakitazamana wakiwa na kahawa ya kutafuna, ile anayopewa mgeni, mikononi, wakisita kumkaribisha. Nilichomoa shati la bluu nikakimbia nalo mpaka barabarani. Gari la ndizi lilikuwa limeshaondoka, vumbi tu limebaki, nami nikasimama pale nikilia na shati mkononi kama mwendawazimu.

Alirudi jioni, akavua koti, akalitundika. Hakuniuliza kitu. Jumamosi iliyofuata hakwenda mjini, wala iliyofuata tena, na suruali ikakaa imekunjwa. Shule zilifunguliwa. Niliamini kwamba nimemwaibisha baba yangu wakamkataa, na mwaka mzima nililala na jambo hilo. Nilimwona akila peke yake, akipepeta kahawa peke yake, na kila nilipotaka kusema niliinuka nikaenda kuchota maji. Mwishowe, siku moja tukiwa tunamenya ndizi za mchana, nilisikia sauti yangu ikiuliza, "Tata, yule fundi wa Hamugembe mbona haji?" Aliweka kisu chini. Akauliza kama ningependa aje. Nikasema ndiyo. Leokadia alikuja kabla ya msimu uliofuata wa senene, wale panzi tunaowala kwetu.

Sasa mimi ni mwalimu Muleba, nina watoto wawili, na Mama Leokadia nimemwita mama kwa miaka mingi kuliko niliyomwita yule aliyenizaa. Hivi majuzi nilikwenda Izimbya, na wakati Tata amesinzia barazani nikamweleza mama dhambi yangu ya zamani. Alinitazama kwa mshangao. "Ulidhani tulimkataa? Baba yako alikwisha kuniambia kwamba wewe ndiye unayemtolea nguo, na nilipomwona mlangoni nilijua. Mtu aliyechagua lile shati la bluu hawezi kukosea rangi kiasi kile. Nikawaambia kaka zangu kwamba huyu ana mtoto ambaye hajakubali, tusubiri." Kumbe Tata hakuwa amesinzia. Alisema, macho ameyafumba, kwamba alijiona mzima mzima kwenye kioo cha duka moja pale mjini, akasimama, akashika tai ili aivue. "Nikaiacha. Hukuwa na pengine pa kusemea, mwana wange. Nikaona nikufikishie ujumbe wako."

Kwangu kuna kabati lenye kioo cha kutoka kichwani mpaka miguuni, na wanangu wana simu zinazowaambia rangi ipi inaendana na ipi. Wakinikasirikia wananiambia hapohapo, nami huwajibu hapohapo, kwa sauti ya juu kuliko yao, mpaka wanyamaze. Nilikuwa nikijisifu kwamba siku hizi watoto wana uhuru wa kusema. Tangu nitoke Izimbya najiuliza ni lini nimeichukua hasira ya mwanangu, nikaivaa kama ilivyo, nikatembea nayo mbele za watu bila kuipunguza. Sijaipata hata siku moja.