Kitanda Kilichonikunja Ndani ya Kontena

Aibu yangu mie ina faili, tena faili lenyewe lina picha, nimekunjwa ndani ya kontena magoti yamefika kidevuni, kwa hiyo bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa shemeji yangu Hamisi.

Mie ni nesi, nina kazahanati kangu Tegeta. Niliagiza kontena la vitanda vya wagonjwa, Hamisi (ndiye wakala wangu wa forodha, mdogo wake mume wangu, ndo maana nilimpa kazi) akaandika kwenye karatasi "vitanda", basi, vikahesabiwa fanicha za nyumbani, nikalipishwa ushuru ambao vitanda vya hospitali havitozwi, na hela ya kuajiri mkunga ikaishia humo. Nikaomba kurudishiwa. Kontena lilikuwa limeshafika nje ya zahanati, nikaambiwa mzigo usishushwe mpaka afisa wa forodha aje auone.

Siku ya ukaguzi nikavaa gauni la kitenge la kubana, kisa jioni nina sherehe Sinza. Hamisi akanishauri nivae hata dera, kontena liko juu, nikamwambia ashughulike na makaratasi yake.

Afisa akaja, mzee mpole, nikampa shikamoo, nikakanyaga stuli niingie kontenani, gauni likachanika nyuma kuanzia kiunoni kwenda chini. Nikageuka chapu nikakaa kwenye kitanda cha kwanza, nikagoma kuinuka. Mzee akaomba akione vizuri kitanda hicho hicho (kati ya vyote vile!), mie nimeganda, akaanza kunitazama kama nimekalia magendo.

"Mama, mbona huinuki?"

"Nakuonyesha kinavyofanya kazi," nikasema, nikajilaza. "Shemeji, zungusha."

Hamisi, ambaye kosa lilikuwa lake na alilijua, akazungusha ule mkono wa chuma wa kuinulia kitanda kwa nguvu zake zote, kichwani kukapanda, magotini kukapanda, nikakunjika kama chapati, halafu mkono ukachomoka akabaki nao anautazama. Makuli waliokuwa wanasubiri kushusha wakajaa mlangoni, majirani nyuma yao, na mama mmoja niliyemzalisha juzijuzi anauliza kwa huruma nesi kapatwa na nini.

Mzee hakucheka. Akakizunguka kitanda, akainama, akapiga picha, akamgeukia Hamisi.

"Kitanda cha nyumbani hakimfanyi mtu hivi," akasema, na akaandika palepale: vya hospitali.

Kilichofuata ni raha tupu. Kila dirisha nililoenda kufuatilia, karani anafungua faili, anaitazama picha, ananitazama mie, anagonga muhuri, hakuna aliyeniuliza swali la pili. Ushuru uliozidi ukarudi wote, mkunga nikamwajiri wiki ileile, na Hamisi siku hizi hajazi karatasi yangu bila kunisomea kila neno.

Ila nimeapa, nikichanika tena mbele za watu nitaomba khanga, basi.