Bunduki ya Papa na Neno Tulilokula

Papa, baba yangu, alipofariki aliacha shamba kwenye barabara ya Banalia, mitego ya samaki ambayo kaka zangu waligawana kabla hata matanga hayajaisha, na bunduki moja. Ni bunduki ya kuwindia, ya mtutu mmoja, ile tunayoiita kalibre douze. Haifanani na silaha za askari wa kambi ya Kapalata, na wala haimtishi mtu. Inamtisha nguruwe mwitu, basi. Kaka zangu hawakuitaka. Wao ni watu wa maji, wamezaliwa kando ya maporomoko na huko huko watazeekea, na nguruwe mwitu wanamjua akiwa ndani ya mchuzi tu.

Mimi ndiye ninayelima. Mimi ndiye niliyefika shambani asubuhi moja, mwezi mmoja baada ya mazishi, nikakuta nguruwe wamefukua nusu ya mihogo yangu, na nyani wamekaa kwenye tawi wanatafuna mahindi yangu huku wakinitazama usoni. Niliwatukana mpaka sauti ikakauka. Papa alipokuwa hai risasi moja kwa mwezi ilitosha kuwafanya waheshimu mpaka, na mbili tatu za mwisho alinipa mimi nipige, kwa kuwa macho yake yalishachoka. Bila bunduki ile shamba lingekuwa la wanyama, na nyumba yangu inakula kutoka shamba lile.

Sheria inasema mwenye bunduki akifa, mrithi aombe kibali kwa jina lake mwenyewe. Asipokipata, bunduki inapelekwa kwenye ghala la serikali. Nimeishi Kisangani maisha yangu yote, na sijaona bunduki iliyoingia ghalani ikarudi nyumbani kwa mtu. Kwa hiyo nilivaa kitambaa changu kizuri, nikaenda ofisini.

Aliyekuwa akishughulikia vibali alikuwa mzee mpole, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja. Hakushangaa kuona mwanamke anaomba bunduki, na kwa hilo nilimpenda palepale. Alinipa orodha: picha, barua ya daktari, barua ya mkuu wa mtaa, na mwisho hati inayoonyesha kwamba sina kesi. Hiyo ya mwisho, alisema, ataitafuta yeye mwenyewe kwenye madaftari ya zamani. Nikamwambia atafute tu, atachoka bure.

Juma lililofuata nilimkuta na daftari kubwa mezani, kurasa zake zimekuwa rangi ya chai.

“Mama, ulikamatwaka siku moja?”

“Apana, chef.”

Nilijibu bila kupepesa macho, na naapa sikuwa nadanganya. Yeye hakubisha. Aligeuza daftari likanielekea, akaweka kidole.

“Bon. Hii iko jina ya nani? Na hii hapa, iko jina ya papa yako ao ya mutu mwingine?”

Lilikuwa jina langu. Mbele yake pameandikwa kwa Kifaransa kwamba nilikamatwa kwa kumpiga mtu na kumjeruhi. Jina la aliyepigwa lilikuwapo pia, na sahihi yake. Pembeni kabisa, pale wanapoandika kesi iliishaje, hapakuwa na kitu. Katika mji huu hati yangu ya ubatizo imeliwa na mchwa, cheti changu cha shule hakijulikani kilipo, ofisi ile yenyewe imehamishwa mara mbili na mvua imenyesha ndani yake sijui mara ngapi. Kilichookoka ni mstari ule.

Hapo inabidi nieleze, ingawa kwetu kueleza ndiyo kosa lenyewe.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Jirani yetu wa kando ya maporomoko, kijana wa familia ya mitego iliyopakana na ya kwetu, alichukua mbenga mkubwa, yule samaki wa meno makali, ambaye mimi nilijua kwa hakika ametoka kwenye mtego wa papa. Yeye alijua kwa hakika ametoka kwenye wao. Nilikuwa natwanga pondu, majani ya mihogo. Maneno yalipokwisha, mchi ulikuwa bado mkononi, nikampiga nao begani. Alikwenda polisi, na alikuwa na haki ya kwenda. Nililala siku mbili katika selo, na siku ya pili jioni papa na baba wa yule kijana walikuja pamoja kunitoa.

Kisha wakafanya kama wanavyofanya watu wetu wa pale. Yule mbenga wa ugomvi, ambaye walikuwa wamemkausha kwa moshi ili asiharibike, alipikwa ndani ya sufuria moja. Nyumba mbili zilikaa chini, mimi na kijana yule uso kwa uso, tukala mpaka ikabaki miiba. Baba yake akaitupa mtoni. Tangu hapo tunasema neno limeliwa. Likishaliwa halitajwi tena, si kwa hasira, si kwa mzaha, si mbele ya padri. Anayelitaja amefungua ugomvi mpya, na huo ni wake peke yake. Na mambo yote tuliyashika vizuri isipokuwa moja: hakuna aliyekwenda kuiambia ofisi. Mtu angeiambiaje bila kulitaja? Papa hakwenda, baba yake hakwenda. Tulimla samaki, tukaacha karatasi ikiwa na njaa.

Nami nilishika sharti mpaka likanikolea. Nilipojibu “apana” mbele ya yule mzee, sikuwa na la kuficha, maana ndani ya kichwa changu jambo lile halikuwahi kuwapo.

“Sikuhukumiwa,” nilimwambia hatimaye.

“Kweli, hakuna jugement. Lakini hii cahier haisemi ulishinda, haisemi alikusamehe. Inasema tu ulikamatwa juu ya kupiga mutu, na dossier haiyafungwa. Mama, unakuja kuniomba bunduki. Ungekuwa miye, ungesainia?”

Nilitaka kumjibu vibaya, nikameza mate. Nisingesaini.

“Donc, ulete ule mutu. Aseme mbele yangu mambo iliisha. Kama iko hai.”

Alikuwa hai sana. Anakaa nyumba tatu kutoka kwangu. Zaidi ya miaka ishirini nimenunua samaki wake, nimelia kwenye msiba wa mama yake, na mtoto wake wa kwanza alibatizwa akiwa mikononi mwangu. Mimi namwita yaya, maana amenitangulia kuzaliwa, na yeye ananiita leki, mdogo wake. Pale ufukweni nimezoea kumtania pia. Kwa kuwa anavuta kamba na kupiga kasia kwa mkono wa kushoto, namwita Gaucher, mwenye mashoto, na yeye hucheka kila mara kana kwamba ndiyo mara ya kwanza.

Mtu wa namna hiyo ningemwambia nini? Kwamba twende polisi ukalitaje neno ambalo baba zetu walilizika? Nilikwenda kwake mara tatu. Mara ya kwanza nilirudi na samaki ambao sikuwahitaji. Mara ya pili nilisifu paa lake. Mara ya tatu mke wake aliniuliza kama naumwa.

Muda ambao ofisi ilinipa kurudisha majibu ulibaki siku nane, na nguruwe hawakuwa wakinisubiri. Nilikwenda kwa wavuvi wa upande wa pili wa mto nikanunua mbenga, mkubwa, mwenye meno yake yote, kusudi asitoke kwenye mitego ya yaya wala ya kaka zangu. Nikampika mzima ndani ya sufuria moja, nikaiweka sufuria mezani bila sahani, nikamwalika. Alipofunua kifuniko akasimama. Mbenga wa sufuria moja, nyumba zetu hazijala tena tangu siku ile. Aliketi polepole, akanawa, tukala. Alianzia mkiani, akaja mpaka kwenye kichwa.

“Leki,” alisema, macho kwenye chakula, “banakuomba nini?”

“Mutu aende aseme.”

“Wapi?”

“Kwenye banatoaka ruhusa ya bunduki.”

Alitafuna. Alitoa mwiba mdomoni, akautazama.

“Kesho saa tatu,” akasema.

Asubuhi alivaa shati la kanisani. Njiani alizungumza juu ya maji ya mto, jinsi yalivyopanda mapema mwaka huu, nami niliitikia kila neno kwa bidii ya kijinga. Mzee wa miwani alimkaribisha kwa heshima, akamwonyesha daftari.

“Papa, huyu mama alikupigaka?”

“Huyu? Iko leki yangu.”

“Nauliza alikupiga ao hakukupiga. Jina yako iko hapa. Sahihi yako iko hapa.”

Aliinama akaitazama sahihi ya ujana wake muda mrefu.

“Chef, kwetu hii neno ilikuliwa. Siwezi kuirudisha mu kinywa.”

Nilidhani tumekwisha. Mzee alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti, akaivaa. Sijui kama kwao kuna desturi kama yetu, au kama alikuwa tu mtu mwenye akili. Alianza upya, taratibu, na safari hii hakugusa daftari.

“Alors, niulize vingine. Leo, uko na neno na huyu mama?”

“Hata moja.”

“Akipewa bunduki karibu na nyumba yako, utalala?”

“Nitalala muzuri kabisa. Nguruwe njo batakosa usingizi.”

“Bon. Hiyo njo nitaandika.”

Akaandika: mlalamikaji hana neno lolote na mwombaji, na hana hofu naye. Akasogeza karatasi kwenye kaunta ili isainiwe. Kaunta ile ni ya mbao, ndefu, inanifika kifuani.

Yaya yangu alisogea. Akashika kifundo cha mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, akauinua kama mtu anayeinua mzigo, akauweka juu ya kaunta. Kisha akaingiza kalamu kati ya vidole vya mkono ule wa kulia, akasaini. Shuleni tulifundishwa wote kuandika kwa mkono wa kulia, na yeye hakuwahi kujifunza kuandika kwa mwingine. Alipomaliza aliushusha mkono vilevile.

Nilitazama pembeni, nikarudi kutazama. Bega la kulia lilikuwa chini kidogo kuliko la kushoto. Shati la kanisani lilikuwa limekaa upande. Miaka yote ile lilikuwa vile mbele ya macho yangu, pale ufukweni, kila soko. Sikuwahi kumuuliza lilipona vipi, maana kuuliza kulikatazwa, na nililishukuru katazo lile kuliko nilivyojua. Nilimwita Gaucher. Nilimwita hivyo mbele ya mke wake na watoto wetu, na alicheka.

Kibali kilitoka baada ya majuma machache. Bunduki ya papa iko nyumbani kwangu ninapoandika haya, na nyani wamerudi upande wao wa mpaka. Lakini siku ile sikuwaza bunduki. Tulitoka nje, tukasimama kwenye ngazi za ofisi, watu wakipita na karatasi zao. Nilikuwa na aibu.

“Yaya,” nikamwambia, “ile siku nilikupiga na mchi. Kwenye bega. Nisamehe.”

Aliangalia huku na huku kama kuna aliyesikia. Sijui kama alikasirika, uso wake haukuniambia.

“Sasa umeisema,” akasema.

“Nimeisema.”

“Tutapika tena. Mbenga ya safari hii nitakamata miye.”

Nilifuta macho kwa ncha ya kitambaa. Nikamwambia kuna jambo lingine, kwamba lile jina la utani sitamwita tena, hata siku moja. Alikuwa ameshashuka ngazi mbili. Akageuka.

“Apana, leki. Uendelee kuniita Gaucher,” akasema. “Ukiacha, batu bataanza kuuliza sababu.”