Kimeng'enya Ndani ya Chupa ya Chai

Mwaka huo nilikuwa msaidizi wa maabara huko Bwera, na kazi yangu kubwa ilikuwa kuosha vioo. Kwa hiyo daktari wetu wa utafiti aliponituma Kasese kuchukua kimeng'enya, nilivaa shati la kanisani.

Kimeng'enya chenyewe kilitoka kwa bakteria, ambao hukitumia kuvunja sukari. Sisi tulikitumia kujaribu dawa zetu za maabara kabla ya kupima damu ya mtu. Kilikaa ndani ya kichupa kisichozidi ncha ya kidole, na joto hakiliwezi. Kasha la baridi hatukuwa nalo, basi daktari akaniazima chupa yake ya chai niijaze barafu.

"Kikipata joto," akaniambia, "kesho usije."

Wakati wa kurudi niliipakata ile chupa garini kama mtoto mchanga. Kwenye kizuizi cha barabarani mwanajeshi mmoja akanishusha.

"Fungua. Ndani iko nini?"

"Kimeng'enya cha bakteria, afande. Bakteria anakitumia kula sukari."

Akachungulia, akawaita wenzake wawili. "Kuja muone. Bakteria inakula sukari, na sisi hapa tunakunywa chai bila sukari."

Nikaona nimepata wanafunzi. Mmoja akapiga picha kwa simu, nami nikawafundisha kwa raha zangu, kifuniko mkononi, jua la utosi. Mpenda sifa hatazami saa.

Bwera nilipitia nyumbani kunawa vumbi. Nilipotoka bafuni niliikwapua chupa mezani, nikakimbilia maabara. Daktari akaifungua. Ukatoka mvuke, na harufu ya tangawizi.

Nilielewa papo hapo. Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Mama alikuwa ameona jina la daktari limeandikwa kitakoni, akaiosha chupa, akaijaza chai ya maziwa. Nikarudi nyumbani mbio, machozi yakinilengalenga.

"Mama, umenimaliza, umemwaga barafu yangu," nikamwambia, na mengine ambayo mtoto aliyelelewa hamwambii mzazi.

Mama alikuwa akichambua maharage. Alisubiri nimalize.

"Barafu gani, mutoto wangu? Nilikuta mayi ya vuguvugu, kachupa kanaogelea. Nikasema, dawa ya daktari inataka baridi. Iko kwa friji ya jirani, kati ya soda na samaki."

Aliyekipika kimeng'enya ni mimi, pale kizuizini, kwa kujionyesha. Nilitamani ardhi inimeze.

Nilikichukua kichupa kwa jirani, nikakipeleka maabara. Daktari alitia tone lake kwenye maji ya sukari na dawa zake, akaweka mashineni. Namba zilikaa tu. Halafu zikaanza kupanda, polepole kwanza, kisha kwa mwendo.

"Kizima," akasema, akajimiminia kikombe cha pili cha chai. "Kesho uje."

Jioni hiyo nilikaa karibu na mama, nikamwomba msamaha, nikamsimulia yote mpaka wale wanajeshi. Alinisogezea ungo wa maharage.

Mwezi uliofuata nilitumwa tena Kasese. Mama alinisubiri mlangoni na chupa ya pili, yake mwenyewe, ya moto, imejaa chai iliyokolea sukari.

"Ukifika kwa wale maafande," akasema, "hii ndiyo ya kufungua."